Neno Alilokosea Nasambu

Makongeni, Nairobi
5 Juni 1994

Mjukuu wangu Nasambu,

Mulembe. Natumaini u mzima na baridi ya Kimilili haijakumaliza. Mimi moyo unapiga kwa kusitasita, na daktari hafichi tena kwamba siku zangu ni chache.

Kuna jambo nimemficha baba yako tangu niugue. Nikilisema, ataumia. Nikinyamaza, atanitendea wema nisioutaka. Nitakuambia wewe kwanza, nikilipatia neno. Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, leo nakosa neno!

Sasa kazi yako. Mwalimu wenu amewakataza kuandika happy na sad. Vizuri. Ila usikariri kamusi, tazama watu. Cheerful ni rafiki yangu Mzee Jimale akiingia hapa kutoka mtaa wa Ziwani na chupa yake ya chai ya tangawizi. Delighted ni Jimale anaponila kete tatu za drafti kwa mruko mmoja. Miserable ni mimi, dakika hiyo hiyo. Gloomy ni kina mama wa kanisa wanaokuja kuniombea, nyuso kama godoro lililonyeshewa.

Kuka wako


Kimilili
19 Juni 1994

Sasa Kuka!

(Najua barua haianzi hivyo. Naanza upya.)

Mulembe Kuka. Umeamkaje? Miguu imepungua kuvimba? Mimi ni mzima, ila wadudu wa maharagwe ya shule wana afya kunishinda.

Maneno yako yalisifiwa, halafu nikaaibika. Katika insha niliandika, "My grandfather is homesick." Nilidhani maana yake ni mgonjwa aliye nyumbani, si wa hospitali. Darasa zima likacheka. Mwalimu akaeleza kuwa homesick ni mtu aliye mbali na kwao, anayetamani kurudi. Tangu siku hiyo Nekesa, tunayelala naye kitanda cha juu na chini, ananiamsha kwa kuuliza, "Mgonjwa wa nyumba hajambo?"

Kisha nikapata barua ya Baba. Anasema kila akitaja boma letu la huku, unashusha pumzi. Amepata pikapu ya kukuleta Julai, ili ukapumzike kwenu. Basi Kuka, nilikosea au nilipatia? Wewe ni homesick?

Ukija nitafurahi sana. Samahani, nitakuwa delighted.

Mjukuu wako, Nasambu


Kimilili
3 Julai 1994

Mpendwa Kuka,

Hujambo? Hujajibu, na wewe hujawahi kuchelewa. Shangazi Nasike alipita shuleni, akasema pikapu inakuchukua Jumamosi. Amekwisha kuisiriba upya sakafu ya chumba chako.

Kama neno la jambo lako bado hulipati, si uliseme tu kwa Kiswahili?

Mjukuu wako, Nasambu


Makongeni, Nairobi
10 Julai 1994

Mjukuu wangu,

Mulembe. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nimelala vizuri na nimekunywa uji wote.

Pikapu ilikuja jana. Imerudi tupu.

Nilikuwa nimeshavaa koti, na Dishon, mwenye gari, amekwisha kulifunga godoro langu. Jimale akasimama mlangoni na ubao wa drafti kwapani.

"Mwalimu," akasema, "ndiyo unatoroka? Kwa kufungwa mara moja tu?"

"Mara moja? Wewe Msomali, hesabu ulifundishwa na nani?"

"Na wewe!"

Nilicheka hadi machozi yakatoka. Baba yako akadhani nalia. Akanishika bega. "Vumilia, Baba. Kesho utakuwa nyumbani."

Nikakumbuka ulivyoniandikia. Nikalisema kwa Kiswahili.

"Luseno, sitaki kwenda."

Akanitazama. "Na kule kushusha pumzi?"

"Aibu, mwanangu. Mzee wa Kibukusu atasemaje hatamani boma la baba yake? Nilikuwa nashusha pumzi ili unione mtu mwema."

Akaketi juu ya godoro lililofungwa. Kisha, "Nitawaambia nini watu wa nyumbani?"

"Waambie mzee ni mkaidi."

"Hilo wanalijua," akasema, akaanza kufungua kamba. Dishon alinung'unika, lakini alikunywa chai yetu.

Nikifa mnilaze Kimilili kando ya kukhu yako. Hilo sikatai, mke wangu ana mengi ya kuniuliza. Lakini kuzikwa ni jambo moja, na asubuhi zilizobaki ni jambo lingine. Nikiamka hapa nasikia honi ya treni, harufu ya mahamri ya Mama Ruqiya, na watoto wakikimbilia shule niliyofundisha, wakichelewa vile vile walivyochelewa baba zao. Kina mama wa kanisa wananihurumia, nami nimekuwa nikikunja uso ili nisiwavunje moyo. Kumbe neno langu lilikuwa content, mtu aliyeridhika. Mwalimu wako atakuambia ni dogo, uandike overjoyed upate alama. Ni dogo kweli. Linaenea kwenye kitanda changu bila kunisukuma.

Na ile sentensi yako usiifute. Kamusi iko upande wa mwalimu, na Nekesa acheke apendavyo. Lakini uliandika kweli kabla mimi sijathubutu kuisema: mimi ni mgonjwa, na niko nyumbani.

Kuka wako