Papa, Nimechagua Patron Anayeniruhusu Kusimama

Papa,

Nimepata kazi. Naanza na hilo kwa sababu hukuwa na subira na mtu anayezungukazunguka. Binti yako Bijou anaendesha lori! Serge alicheka hadi akakohoa nilipoleta permis ya udereva nyumbani, halafu jioni nikamsikia akijisifu kwa majirani hapa Kampemba kwamba dada yake ni dereva wa gari kubwa. Ndiye kaka yangu huyo, hajabadilika. Mama bado anakuwekea sahani ya bukari pembeni kila tukila. Hatumkatazi.

Sasa sikiliza nilivyochagua, maana nusura nichague vibaya.

Kampuni ya kwanza ina ofisi upande wa Karavia, kiyoyozi na viti vya ngozi. Malori yote mapya, Papa, na kiti cha dereva kinapanda na kushuka chenyewe. Mshahara mzuri, tena matibabu ya Mama yangelipwa. Unajua presha yake, na Serge hana kazi. Mama alitaka nisaini siku ileile. Nilikuwa nimeshika kalamu ndipo nikakukumbuka.

Nilikumbuka likizo zile uliponichukua kwa lori lako kwenda Pweto kuleta samaki wakavu. Mvua imenyesha, gari la mtu tusiyemjua limezama kwenye tope, nawe unazima injini, unakunja suruali, unashika sepetu. Siku moja nililia kwa njaa nikakuuliza kwa nini tusipite, wakati nafasi ipo. Ukaniambia, "Mutoto yangu, mu hii njia hakuna depannage ya kuvuta magari. Depannage ni siye." Ukachimba mpaka jua likageuka, ukarudi na tope hadi masikioni, unacheka kama mtu aliyetoka harusini. Nimeona wanaume wengi waliovaa suti vizuri. Sijaona aliyependeza kama wewe siku ile.

Basi nikamuuliza yule bwana wa ofisi: nikikuta gari la mwingine limekwama njiani, naweza kusimama nisaidie? Alinicheka kwa upole. Kila lori lina kidude kinachoonyesha liko wapi; ukisimama bila ruhusa simu inalia, ukirudia unafukuzwa. "Mademoiselle," akasema, "siye tuko batransporteurs, hatuko bamissionnaires."

Nikaweka kalamu chini, nikaaga. Mama alinikasirikia mpaka Jumapili, tulipotoka misa.

Ndipo nikaenda kwa Mama Kapinga, yule Mkasai mwenye sauti kubwa anayeuza samaki wa Pweto. Ana malori mawili tu, yote yamechoka. Nikamuuliza swali lilelile. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Ukipita na gari yangu uache bantu banakwama mu potopoto, usirudi tena kwangu! Unasikia?"

Nilisikia, Papa. Nilitaka kumkumbatia. Akawa patron wangu: tuliandikiana mkataba palepale, juu ya gunia la samaki, na nguo zangu zikanuka wiki nzima.

Lakini kwake hakuna matibabu ya Mama, na mshahara ni mdogo. Sikufichi, hilo linaniuma. Kuna asubuhi ninamwona ameshika kichwa nikajiuliza kama nimemuuza mama yangu kwa ajili ya watu nisiowajua. Ungekuwepo ningekuuliza.

Safari yangu ya kwanza, kabla ya kufika Kilwa, kwenye njia yetu ileile ya Pweto, nilikuta lori jipya limezama hadi ekseli. La kampuni ileile niliyoikataa. Dereva wake, mzee wa umri wako, alikuwa amesimama peke yake na simu isiyoshika mtandao. Aliniambia wenzake wawili wamempita tangu asubuhi. Mmoja alimpungia mkono, mwingine hata hakumtazama. Nikazima injini. Nikakunja suruali.

Tulichimba, tukatandika matawi, tukafunga mnyororo. Gari la Mama Kapinga lilikohoa, likatutukana kwa moshi mweusi, kisha likavuta. Lilivuta, Papa! Yule mzee alinawa mikono kwenye dimbwi, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikasema, mimi ni Bijou wa Papa Ilunga. Akafuta mikono kwenye shati. Nikangoja aniambie kwamba alikujua, kwamba nawe uliwahi kumtoa mahali kama pale. Wala. Hakukujua kabisa. Alisogea karibu, akashusha sauti:

"Mama, patron yako anatafuta shofere mungine?"

Nilicheka hadi nikalia. Nililia kweli, peke yangu kwenye kabini, kwa sababu sikuwa na wa kumsimulia isipokuwa wewe.

Pumzika, Papa. Mama nitamtunza kwa hicho kidogo nilicho nacho, na Serge nitamsukuma mpaka apate kazi. Na yeyote nitakayemkuta amekwama kwenye njia yako ile, awe nani, awe wa nani, nitasimama.

Binti yako,
Bijou