Nilimpa Zuena Sifuri, Sasa Naona Haya Kumtazama

Bi Fatu mpendwa wa redioni, naomba msaada wako maana nimefika mahali nikiingia darasani natazama ukuta wa nyuma ili macho yangu yasikutane na ya binti mmoja, na mimi ndiye mwalimu. Nafundisha ujasiriamali katika chuo kimoja cha biashara hapa Kibiti, na mwaka jana tuliambiwa tuwaandae wanafunzi wawe viongozi wa biashara katika zama hizi za mabadiliko ya tabianchi, basi nikawaambia kila mmoja aandike mpango wa biashara, na Zuena, binti wa kijiji cha Ngorongo huko bondeni, akaandika kwamba yeye na mama yake watatunza mbegu za mahindi, kunde na maboga darini jikoni kwao, mahali maji hayafiki, wawauzie wakulima wa mlau, yaani wale wanaopanda kwenye tope mafuriko yakishapungua, na mimi niliyekuja huku na vitabu vyangu kutoka Dodoma nikampa sifuri, tena kwa wino mwekundu nikaandika, "Mafuriko ni hasara, si soko. Hiki ni kilimo cha bibi yako," nikayasoma kwa sauti, darasa zima likacheka.

Maji yakaja, Bi Fatu, yakazoa mashamba, na kishamba changu kikiwemo, na yalipoanza kupungua kila mtu akawa anahangaika na mbegu, hata dukani kwa Pradip, muuza pembejeo, rafu zilikuwa tupu, nikaelekezwa kwa mama mmoja Ngorongo, kufika nakuta foleni uani na anayepima mbegu ni Zuena mwenyewe, akaniambia, "Shikamoo mwalimu, karibu, utapanda mahindi au kunde?" nikaitikia marahaba, nikachukua kunde zangu nikaondoka kama mwizi.

Kunde zimeota na mimi bado sijasema kitu. Sasa chuo kinapeleka mwanafunzi mmoja kwenye mashindano ya mkoa ya biashara na tabianchi, majina yanafungwa Ijumaa, nami nimeshamwandika Twalibu na mpango wa mashine ya kutengeneza barafu kwa umeme wa jua, ambao kwa kweli nimemwandikia mimi, hata juzi kaniuliza, "Mwalimu, wakiniuliza hiyo mashine inafanyaje kazi, nisemeje?" na Zuena nasikia amewaambia wenzake muhula huu ukiisha anaacha chuo, biashara si fani yake. Nikikiri mbele ya watu arobaini si nitadharauliwa? Nifanyeje?

Mwalimu Saadi, Kibiti

Mwalimu Saadi,

Pole. Na pole yangu ni hiyo moja tu, sasa sikiliza.

Kutokujua kilimo cha mlau si dhambi. Hata mimi nimezaliwa Mtawanya, kusikofika mafuriko, nimekijua baada ya kuolewa bondeni. Lakini ebo! Mtoto wa watu kakuletea jambo usilolijua, badala ya kuuliza ukamcheka? Kisha ukanunua mbegu zake, ukapanda, ukanyamaza! Afadhali haya unayo, maana asiye nayo asingeniandikia.

Unaogopa kudharauliwa na nani? Nusu ya darasa lako wametoka bondeni. Walicheka kwa kuogopa wino wako, na tangu maji yaje wanangoja wasikie utasema nini.

Anza na Twalibu. Mwite pembeni umwambie ukweli, kwamba mpango si wake na jina lake unalitoa, utaona anavyoshusha pumzi. Halafu nenda Ngorongo mwenyewe, usipige simu wala usitume mtu. Omba radhi mbele ya mama yake, maana ulimtia bibi kwenye mzaha. Habari za mashindano ziache kwanza, asije akadhani umekuja kumtumia. Utamuuliza baadaye, kabla ya Ijumaa, na akikataa kwenda mashindanoni, ni haki yake, na sifuri unaifuta vilevile.

Kisha darasani. Waliocheka ndio wasikie. Sema "nilikosea" na usiweke "lakini" baada yake. Mpe Zuena chaki, wewe kaa kwenye benchi umuulize maswali magumu: mwaka ambao maji hayakuja atamuuzia nani? Mbegu zikiingia wadudu je? Hapo ndipo ualimu wako unapohitajika, na naamini unauweza. Hao watoto watakuja kuongoza biashara ambazo mimi na wewe hatujaziona, na kiongozi anayekiri kosa bado hawajamwona hata mmoja.

Barua yako naisoma hewani leo Jumanne. Muhula haujaisha na binti bado yupo. Twalibu mwone leo, na Ngorongo nenda kesho alfajiri, kabla ya somo la kwanza.