Asiyeota Hatasoma

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nyapara aligonga kipande cha reli kutuamsha, nikaruka kitandani. Maji baridi. Kisha kwenye kikaushio kupima maua ya pareto. Rahel, mke wangu, alibaki kulala, kisha akasimulia ndoto ndefu juu ya marehemu mwanetu Samweli. Upuuzi. Nilimwambia anywe chai.

Jumapili, 10 Machi
Mhubiri mpya, Zakaria, ametoa sheria. Kila mzee wa kanisa atasimulia ndoto kabla ya ibada. Asiyeota, Mungu hajasema naye, wala hatasoma Neno. Amenipa Jumapili mbili. Nimesoma Neno katika kanisa hili la shambani miaka kumi na mmoja, hata wananiita Mwalimu. Elijah mkamuaji wa ng'ombe aliota malaika akiendesha trekta hadi Njoro. Watu walilia kwa furaha. Wajinga.

Jumatano, 13 Machi
Nimemwuliza Rahel anawezaje. Nimejidharau kwa kuuliza.
"Baba Samweli, wewe ukisikia reli unaruka kama panya amemwagiwa maji. Ndoto itakaa wapi? Mimi sifungui macho. Nashika ile kitu polepole."
Mwanamke asiyejua kusoma ananifundisha kulala.

Jumapili, 17 Machi
Sina ndoto. Elijah akasema, "Mwalimu, chukua yangu moja, mimi niko nazo mingi." Walicheka. Ningeweza kutunga ndoto bora kuliko zao zote. Sitasema uongo kanisani.

Alhamisi, 21 Machi
Homa. Reli iligongwa, sikuweza kuinuka. Nilibaki nimefumba macho. Ndipo nikaikumbuka ndoto: Samweli, wazi kabisa. Alikuwa amenipa kibao chake cha kuandikia nisahihishe. Hakikuwa na kosa hata moja. Niliendelea kulitafuta.
Nimelia. Aibu kwa mtu wa umri wangu.
Huenda amekuwa akija miaka yote hii, nami namkimbia kila asubuhi.

Jumapili, 24 Machi
Zakaria aliuliza mbele ya wote. Nilijibu kwamba sina la kuwasimulia. Sitamtupa mwanangu katikati ya matrekta yao. Elijah alisoma. Aliruka mstari mzima, hakuna aliyetambua. Benchi la nyuma lina kunguni.

Jumatatu, 25 Machi
Reli iligongwa. Sikufumbua macho. Sikupata kitu.
Rahel aliuliza kama kuna mtu amekuja usingizini. Nilimweleza ya Alhamisi, yote, pamoja na kibao. Chai ilipoa. Nilichelewa kazini.