Msafara wa Kutafuta Uvimbe

Jumatatu, 4 Juni 1956

Mimi! Daktari kaniita ofisini, kasema msafara wa Itetemia nitauongoza mimi. Si Mzungu — mimi Modest, tabibu msaidizi wa juzijuzi! Tutapita vijiji vya njia ya zamani ya misafara, tupime matiti ya akina mama, wenye kansa tuwapate mapema, uvimbe ukiwa bado unakatika. Nikiweza, nitapewa vijiji vyote hadi Urambo. Nikishindwa — hakusema. Nina nesi Tekla na dereva Ngollo. Mke wangu Marcelina anapiga pasi kaptura yangu huku anacheka. Chakula hakipiti kwa furaha.

Jumatano, 6 Juni

Tumeanzia Ipuli. Akina mama tele! Daktari alinionya asubuhi: kiongozi huwafundisha wenzake, hafanyi kila kitu peke yake. Nikaitikia ndiyo, bwana. Kisha nikapima mwenyewe. Tekla akimaliza kumpima mgonjwa, nami narudia kumpima palepale, mgonjwa anatutazama. Jioni Tekla kaninunia. Ngollo anasema yule dada anajua kazi, nimwachie. Nikamwambia aangalie usukani wake.

Ijumaa, 8 Juni

Lo! Itetemia, chumbani kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji. Naita anayefuata, pazia linafunguka — mama mkwe! Mama yake Marcelina! Kumbe alikuja kumuuguza dada yake, sikuwa na habari. Akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikarukia nje dirishani. Dirishani, na koti jeupe! Kwetu Unyamwezi mkwe na mama mkwe hawatazamani, njiani tunakwepana, sembuse kumshika titi. Nje akina mama wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nikasimama nyuma ya ukuta. Nikamwita Tekla.

"Mpime wewe."

"Halafu utarudia?"

"Sirudii. Utakalosema ndilo hilo."

Akaingia, akakawia ndani akimpima. Akatoka, akaniambia polepole: upo uvimbe, mdogo, mgumu kama kokwa ya ukwaju, bado unasogea. Ukikatwa sasa atapona. Kwapani hamna kitu, haujasambaa. Amepima vizuri kuliko mimi, nakiri! Nimeogopa, na nimefurahi, vyote pamoja.

Lakini mama hataki. Anasema hospitali watu huenda kufia. Na mimi mkwe siwezi kumsemesha! Tekla akaketi naye mkekani, wakaongea Kinyamwezi. Mara tatu nilitaka kupaza sauti ukutani, nimwelekeze cha kusema. Nikajizuia. Kazi ngumu hii, kunyamaza!

Mwishowe Tekla kaja. Mama atakwenda, mradi Tekla asimwache hata mlangoni pa chumba cha kupasulia, yeye mama akae mbele garini, na mimi asinione kabisa.

"Modest, panda nyuma. Jifunike turubai."

Leo hakuniita bwana. Nimepanda.

Naandika humuhumu, mwanga unapita kwenye tundu. Ngollo kawasha gari. Mlango wa mbele umefunguliwa. Gari limeinama kidogo — mama kakanyaga kwa mguu mmoja. Bado wa pili. Anamuuliza Tekla kitu, sisikii. Nyamaza, Modest. Mwache Tekla amjibu —