Mbao Bado Hazijakauka

Jumatatu, 24 Juni

Mwisho wa mwaka wa fedha. Hazina yetu ya mkoa inanuka wino wa printa na jasho. Ijumaa jioni mfumo wa malipo unafungwa, na fungu lolote lisilotumika linarudi makao makuu. Kulipata tena ni kuanza moja — maombi, vikao, mwaka mwingine.

Nimepitia majalada. Hospitali, sawa. Maji, sawa. Limebaki la madawati arobaini ya shule anayofundisha dada.

Nimempigia fundi seremala. Mbao bado mbichi, anasema, mvua zilichelewa kwisha. Akiunga sasa, zitapinda kama ndizi kabla ya mitihani. Nikamuuliza zitakauka lini. Akajibu kwamba mbao hazijui kalenda ya hazina. Nilicheka. Nilipoweka simu chini sikuwa nacheka tena.

Jumanne, 25 Juni

Mkuu wangu wa kazi ameniita. Jalada la madawati lilikuwa wazi mezani kwake. Kamati ya mapokezi ni watu watatu: mwalimu mkuu, mtunza stoo na mimi. Wawili wameshatia sahihi kwamba madawati yamefika na yamekaguliwa. Imebaki yangu.

Ndivyo tunavyofanya kila Juni, wala hakuna anayeshangaa. Tunapokea kwa kalamu, mzigo unakuja baadaye. Mwingine huja. Mwingine mpaka leo tunausikia tu.

Mkuu si mwizi, hilo niliandike. Anataka watoto wakae. "Fundi ni wa hapa hapa," akasema, "atakimbilia wapi na randa yake?" Nikamjibu nitaandika nitakachokiona kwa macho.

"Haya, Mama Tiki, nenda kaone. Ila usisahau dada yako anafundisha wapi."

Alisema kwa utani. Nimerudi nao nyumbani, huo utani.

Jumatano, 26 Juni

Miguu imevimba. Nimeiloweka kwenye beseni na hapa naandikia magotini, kama watoto wa darasa la dada. Wao hukaa sakafuni kwenye saruji, wenye mafua na wasio na mafua.

Dada amepiga simu. Hakusalimia sana. "Sahihi inakuuma wapi, mdogo wangu? Wenzako wametia, mkono wao umekatika?"

Nilitaka kumweleza habari za yule mfanyabiashara mkubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiuza madawati miaka yote, ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Muhula wa pili yanavimba, wa tatu ni kuni. Machi tulipoagizwa kununua kwa mafundi wa karibu, mimi ndiye niliyezunguka karakana kwa karakana kuwafundisha kujaza zabuni. Huyu fundi nilimsajili kwa simu yangu mwenyewe. Akikwama yeye, mwakani tutaambiwa mafundi wadogo hawaaminiki, na yule wa unga wa mbao arudi na tai yake.

Badala yake nilisema nimechoka, dada. Akasema hata yeye.

Kisha nikampigia fundi. Nikamwambia wazi: nisipoyakuta madawati arobaini yamesimama, sitatia sahihi. Nikasikia randa ikinyamaza. "Nimekusikia, mama," akasema, basi. Nilidhani amekata tamaa. Nikajisikia mkosefu, na bado nikalala.

Alhamisi, 27 Juni

Mtandao chini hadi mchana. Mtunza stoo hanisalimii. Nimemwomba rimu ya karatasi, akaniambia nije kwanza niikague kama ipo.

Ijumaa, 28 Juni

Naandika nikiwa hapa karakana. Nilikuja na fomu, nikiwa nimejiandaa kuandika "hayajafika".

Yapo. Arobaini, yamepangwa uani safu kwa safu kama darasa lisilo na watoto. Nimehesabu, nikapima urefu na upana. Hakuna kilichopungua.

Nikamuuliza fundi mbao zimekauka lini. Alikuwa anafagia maranda ambayo ameshayafagia.

"Ulitaka arobaini yaliyosimama," akasema. "Yamesimama."

"Jumatatu uliniambia yatapinda."

"Yatapinda, ndiyo." Akaegemeza ufagio ukutani. "Mama, wewe ulinitoa kwenye vitanda vya kuchonga kimoja kimoja. Nikuache uandike uongo kwa ajili yangu? Bora uongo uwe kwenye mbao. Huo ni wangu."

Miaka yote kwenye kazi hii sijawahi kuona mzigo umefika kwa wakati nikatamani usingefika.

Fomu inauliza idadi. Ipo. Inauliza vipimo. Vipo. Mstari wa mwisho: bidhaa zimekaguliwa na zinafaa kwa matumizi. Ndani ya saa moja mfumo unafungwa.

Nimekaa kwenye dawati la mbele. Halitikisiki, ameunga vizuri mno. Ila nimesikia ubaridi, nimepitisha mkono chini — gauni limepata unyevu.

Simu inaita. Dada. Imekata. Sasa ni mkuu.

Fundi ameniona nimeshika kalamu tu. Ameingia ndani, ametoka na kitambaa kikavu, anakitandika juu ya dawati, hapa mbele yangu. Anasema niweke fomu juu yake, isije ikalowa.