Yowe Lisilo na Mdomo

Butiama, Jumapili baada ya misa

Edwin mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata kwenye barua. Marahaba. Mtama umetoa masuke, na ng'ombe wangu amezaa mapacha, wote majike. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungesikia sauti yangu ukaanza maswali.

Hiyo kazi yenu ya maabara nimewasimulia jumuiya nzima. Unasema saratani ya ngozi inajifanya mwenyeji, askari wa mwili wanaipita tu. Ninyi mnatengeneza chembe ndogo kuliko vumbi, hazina uhai, ila mmezivisha alama za askari yule anayewaamsha wenzake. Na wenzake wanaamka kweli. Nikakumbuka tulivyokuwaga tunafukuza wezi wa ng'ombe: mmoja anapiga yowe, kila boma linatoka na rungu. Sasa mmetengeneza yowe lisilo na mdomo. Nilikaa na barua yako magotini mpaka uji ukaungua.

Kile kidonda nyuma ya sikio kimerudi. Ngozi hii yangu ya ualbino, hata kofia haikuiokoa. Alhamisi nakwenda Musoma kukatwa tena. Baba yako huko Bunda usimwambie mpaka nirudi.

Najua umesema dawa hiyo bado mnaijaribu kwa panya tu. Sikudai. Ila jana nilimkuta panya ghalani anakula mahindi yangu, nikainua fagio. Nikamwangalia sana. Nikamwacha amalize.

Shangazi yako anayekutaja kila rozari,
Lukresia