Mkate Niliouweka Kwenye Soseji

Mpendwa Baba Neema,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya pipa la maji. Tangu nirudi kutoka mjini leo, kukaa kumenishinda. Neema kaniambia, mama tulia basi, nikamfokea bure, maskini. Wewe ndiye uliyekuwa unaniweza.

Unaikumbuka ile sanwichi? Ulikuwa bado mpishi wa misheni kule Kilimatinde, ukaja likizo nayo umeifunga kwenye karatasi: nyama baridi, yai, kitunguu na nyanya, vyote katikati ya mkate. Tukagawana. Nikasema mkate wenyewe unavunjika ovyo, kwa nini vyote visiingie kwenye utumbo wa mbuzi pamoja na nyama ya kusaga, kama zile soseji za wazungu wako? Ulicheka mpaka ukapaliwa. Lakini ulipofungua bucha Singida mjini, mimi ndiye niliyekausha mkate, nikautwanga, nikauloweka kwenye maziwa, nikauchanganya na nyama. Wewe kazi yako ilikuwa kusaga nyama na kufunga kamba. Watu walikuwa wanaitana kutoka sokoni.

Kwenye kuchoma ndiko tulikogombana. Wewe ulitaka zikae kwanza kwenye maji ya moto yasiyochemka, ndipo ziende kwenye makaa yaliyokwisha kuvaa majivu, tena pembeni, unazigeuza polepole utadhani hatuna wateja. Mimi na uma wangu, natoboa nione kama zimeiva. Mafuta yanamwagika, moto unaruka, na mkate ndani unabaki mkavu kama pumba. "Mama Neema, acha kuzichokoza, zitaiva tu," ulikuwa unasema. Sikukusikiliza hata siku moja.

Halafu mtu mmoja akaipasua soseji yake, akaona mkate, akaipeleka kwenye kamati ya chama. Wakasema unawauzia wananchi mkate kwa bei ya nyama, na huo ni unyonyaji. Siku zile ukiitwa mnyonyaji hata jirani anakupita kama hakujui. Tukaitwa wote wawili. Mwenyekiti akaanza na mimi, akauliza ni nani aliyeweka mkate humu.

Nikasema, "Sijui."

Baba Neema, nilikuwa nimetoka kuutwanga asubuhi ile ile. Hukunigeukia hata kunitazama. Ukasema, "Nimeweka mimi. Mke wangu hajui lolote."

Leseni ikaondoka, bucha ikafungwa, tukabeba vyombo vyetu tukaenda kijiji cha ujamaa huku Ikungi kulima mtama. Tuliishi hapa miaka minne hukunigombeza. Ungenifokea mara moja tu ningepona. Nilikuwa nakuchokoza makusudi, naunguza ugali, na wewe unakula na kushukuru. Mpaka ugonjwa wa kifua ukakuchukua, na mimi sijakuomba msamaha.

Leo alfajiri nikadandia lori la mtama mpaka mjini, nikaenda nyumbani kwa yule mwenyekiti. Amezeeka, nimemkuta anashona kandambili. Nikampa shikamoo, hata karibu yake sikuingoja. Nikamwambia mkate niliweka mimi, mume wangu alinikingia kifua, kwa hiyo wamsafishe jina.

Akaweka sindano chini.

"Tulijua, mama," akasema. "Uso wako ulisema. Tulitaka kukuita tena peke yako, mbele ya mkutano. Mumeo akaja kesho yake na funguo. Akasema chukueni bucha, ila mke wangu msimuulize tena mbele za watu."

Nimerudi juu ya magunia sioni njia. Kumbe ulijua ninavyoogopa! Ukatoa bucha, ukarudi nyumbani, ukaniuliza tu kama chai ipo. Na nilikupa chai, nikidhani nimekuficha kitu. Nimekukasirikia, nikwambie ukweli. Ungenidokeza hata nusu neno. Nimekukasirikia na ninakupenda, na natamani uingie sasa hivi kwa ule mlango nikugombeze mpaka nichoke, halafu nikupigie magoti.

Kamati imevunjwa siku nyingi, hakuna wa kukusafishia jina. Nitakwenda mwenyewe nyumba hadi nyumba, kwa kila aliyekula pale, nimwambie. Nitaanza kesho. Nisamehe kwa kuchelewa, mume wangu.

Pumzika.

Mkeo, aliyeweka mkate.